Mbuzi wa Jioni wa Mnarani

Mwenye kuwajibika kwa fedheha iliyonipata Mnarani ni Nahodha Lali, mzaliwa wa Chovae, kaka wa mke wangu, nami nalitaja jina lake mwanzo kabisa ili msomaji asije akafika mwisho wa habari hii akadhani nimelisitiri kwa ajili ya ukwe. Ukwe ni ukwe na haki ni haki. Sikatai kwamba niliona haya siku ile, tena haya ambazo mpaka leo, nimestaafu na ndevu zimekuwa nyeupe, huniinua kitini na kunizungusha uani bila sababu, hata mke wangu akauliza kama nina mdudu nguoni. Wala sikatai kwamba maneno yaliyotamkwa yalitoka kinywani mwangu na si kinywani mwa mwingine. Lakini mtu hawezi kuutukana mji mbele ya macho yake bila kwanza kupelekwa mbele ya macho hayo, na aliyenipeleka ni Lali.

Sababu ya kuandika sasa, baada ya miaka yote hii ya kunyamaza, ni kwamba mjukuu wangu ameposwa, na aliyemposa ni kijana wa Mnarani. Nimewaza usiku na mchana kama kuna njia ya kijana kuwa wa kwingine, hakuna. Kwa hiyo nitalazimika kusimama tena mbele ya watu wa Mnarani, mimi mkubwa wa ukoo, niseme maneno ya kumkabidhi binti yetu, na wao watanitazama, na ninajua watakachokuwa wakikiwaza. Ndiyo maana nataka habari hii inyooke kabla ya siku hiyo, kwa sababu imeshasimuliwa Kismayo na visiwani, Kudhaa na Fuma, na kila aisimuliaye huitia chumvi yake (niliwahi kuisikia mwenyewe kwa kinyozi, nimejaa povu usoni, msimuliaji asinitambue, akisema kwamba nililia). Sikulia.

Zilikuwa zama za Mtaliani. Mimi nilikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya Residenti, yaani yule mzungu aliyetawala wilaya, na kiti cha karani mkuu kilikuwa kitupu kwa kuwa mwenyewe alikwisha hamishiwa Mogadishu. Tuliokitazama kiti kile tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mmoja ambaye simtaji kwa kuwa ana watoto. Ilifahamika kwamba atakayekipata atabaki Kismayo na atakayekikosa atapelekwa Afmadow, bara, kwenye ngamia na vumbi, ambako mtu wa pwani akitaka kuisikia bahari sharti aweke kombe sikioni. Mke wangu Mwanaesha alikuwa amekwisha toa hukumu yake. "Mimi Afmadow sendi," alisema huku akichambua mchele. "Wakikupeleka, nipe salamu za ngamia."

Residenti mwenyewe alikuwa mpya, kijana, mwenye miguu mirefu, naye alitoka upande wa kwao wenye vilima vya misitu na maziwa na vijiji vikongwe vya mawe ukingoni mwa maziwa hayo, na alinieleza (nilidhani Kitaliano changu kimenipotosha, nikamwomba arudie) kwamba kwao watu hupanda vilima kutwa nzima na kushuka upande wa pili kwa kujifurahisha tu, pasipo ng'ombe aliyepotea wala mgonjwa wa kubebwa. Basi aliposikia kwamba nyuma ya bandari ya Birikau kuna vilima vyenye mwitu mzito, na nyuma ya vilima kuna ziwa la maji matamu, na ukingoni mwa ziwa kuna vijiji viwili vya zamani sana, Mnarani wenye kaburi lake la mnara na Ng'amboni wenye gofu la msikiti, hakulala tena. Alitaka kuvitembelea vyote viwili kwa miguu katika siku moja. Na ili safari iwe ya kiserikali, alichukua picha mbili kubwa za Mfalme wao zenye fremu ya dhahabu na kioo, moja kwa kila kijiji, zikafungwa magunia na kubebwa kichwani na askari wawili. Mimi nilipewa kazi ya kutoa hotuba. Hakuna aliyeniambia kwamba kiti kinategemea hotuba hizo, lakini karani halazimiki kuambiwa kila kitu.

Tulifika Birikau kwa mashua ya Lali. Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, msasi mmoja wa Kiboni (watu wa uwindaji) niliyemwajiri atuongoze mwituni alikuwa amekwisha chuchumaa pembeni na upinde wake, anangoja. Hapo ndipo Lali aliponivuta mkono kando.

"Shemeji, huyu ndiye atakayewaongoza?"

"Ndiye."

"Na mimi?"

"Wewe ni nahodha, Lali. Chombo chako ki majini."

"Haye." Akatazama mawingu. "Nimekuleta toka Kismayo, miamba yote ile, hukukwaruzika hata ukucha. Yeo ni nchi kavu, mahali ambapo hata kuku hazami, wanitafutia mchu wa kunishika mkono. Haye, shemeji. Nitamwambia Mwanaesha."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonimaliza, kwa maana anayemjua mke wangu anajua kwamba kumkosea kaka yake ni kulala sebuleni mwezi mzima, nami sikuwa na nafasi ya kwenda vilimani nikiwa na jambo hilo kichwani. Nikampa msasi tumbaku yake, nikamwambia tumeghairi. Huo ndio uamuzi wangu, na ni mdogo. Mengine yote ni ya Lali.

Kanuni yake aliieleza kwa kujiamini sana, kidole juu. "Huu ni msimu wa upepo wa kusi, na kusi halina ubazazi. Ziwa liko machweo. Tukilishika kusi shavu la kushoto, tutafika. Wakati wa kurudi twalihamishia shavu la kulia. Mengine ni kutembea tu." Nilimfasiria Residenti, naye alifurahi mno, akasema hawa ni mabaharia wa kweli, akaanza kutembea na shavu lake la kushoto limeinuliwa kama mtu anayengoja kunyolewa.

Na kwa haki nitasema, kwa kuwa kumbukumbu lazima iwe na pande zote mbili: njia ya kwanza ilikwenda sawa. Tulipanda, tukatokwa jasho, kanzu yangu iliyopigwa pasi kwa wanga ikashikwa na miba mpaka nikaonekana kama mtu anayegombaniwa na watoto, lakini upepo ulipuliza shavuni pale pale na katikati ya asubuhi tukateremka Mnarani upande wa mbele, penye lile kaburi la mnara. Mzee wa mji, Mzee Famau, alitupokea kwa kanzu na kilemba, na salamu ndefu kama inavyotakiwa, na kahawa, na mbuzi. Nikatoa hotuba ya kwanza. Niliwaambia Mnarani kwamba wao ndio mji wa ziwani, kwamba mbuzi wao ni siagi tupu, na kwamba watu wa Ng'amboni (nasikitika kusema, lakini ilikuwa hotuba) ni watu ambao hata msikiti wao umechoka kuwangoja, ukaanguka. Walicheka sana. Msomaji wa leo asinilaumu hapo: ndivyo makarani wote walivyosema vijijini, unauinua mji uliopo mbele yako kwa kuushusha ule wa jirani, na jirani hayupo, na kesho unageuza, na kila mji unalala umeridhika. Residenti akamkabidhi Mzee Famau picha ya Mfalme, ikatundikwa juu ya mlango wake, tukaagana.

Mchana mawingu yalifunga na manyunyu yakaanza. Njia ya kandokando ya ziwa haifai kwa ajili ya tope na mamba, hivyo huna budi kuingia tena vilimani na kuzunguka ndipo uteremke Ng'amboni. Jua halikuonekana, ziwa halikuonekana, palikuwa na miti tu na mabonde na upepo. Lali alitangulia. "Shavu la kushoto," alisema, nasi tukafuata.

Sasa ninalotaka lieleweke ni hili, na nimelifikiria kwa miaka mingi: baharini hakuna kitu cha kuupinda upepo. Unatoka kusini unakufikia ukitokea kusini. Lakini bondeni upepo huingia kwa mlango mmoja, ukajigonga kilimani, ukageuka, ukatokea mlango mwingine kabisa, kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Sisi tukaufuata. Kila ulipogeuka tukageuka, shavu la kushoto daima, kwa uaminifu mkubwa, na mimi moyo ulikuwa haukai, nauliza kila baada ya mti, "Bado, Lali?" naye hageuki, anajibu, "Shavu la kushoto, shemeji." Nyani walikuwa wakitufokea kutoka juu. Mara nikakanyaga siafu, wakapanda ndani ya kanzu, nikalazimika kufanya mambo mbele ya Residenti ambayo mtumishi wa serikali hapaswi kuyafanya akiwa na kofia kichwani. Residenti alipiga makofi. Alidhani ni ngoma ya huku kwetu.

Kisha suala la miwani. Manyunyu yalikuwa yameifunika kwa ukungu, na Lali akanishauri, "Miwani haina kazi mvuani, shemeji. Itie mfukoni, utaitaka huko mjini." Nikaitia mfuko wa nyuma wa koti nililovaa juu ya kanzu. Hatua chache mbele udongo uliteleza, nikaenda kilima kizima kwa makalio, na nilipoinuka nilikuwa na vipande vya kioo mfukoni na dunia yote imekuwa uji. Ushauri ule ulikuwa wa nani, msomaji anaujua.

Katika kuteremka huko Residenti aliinama akaokota kitu njiani. Kilikuwa kipande cha sigara nene, kile kinachobaki mtu akimaliza kuvuta. Akakinusa. Akasema kwa furaha kwamba huku ndani kabisa ya mwitu kuna mtu anayevuta tumbaku ile ile anayovuta yeye, kutoka mji ule ule wa kwao. Mimi, kwa bidii yangu, nikamjibu kwamba watu wa Ng'amboni wanajulikana kwa ustaarabu. Lali alikitazama kile kipande, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama juu mitini, na tangu hapo hakusema tena shavu la kushoto. Nilidhani amechoka.

Tuliingia mjini kutoka nyuma, kupitia mashamba ya mtama na majalala ya majivu na mifupa ya samaki. Mnara wenzangu hawakuuona kwa manyunyu na mapaa ya nyumba, nami kwa macho yangu ya siku ile nisingeuona hata ungeniangukia. Mbio mbio nikampangusa Residenti majani mabegani, nikamwambia askari afungue gunia la pili, nikaanza kupiga makofi kuwaita watu. Wakatoka, nami nikaona (kwa maana ya vivuli) wamekuwa wengi kwa haraka ya ajabu, nikasema moyoni, kumbe hawa walijiandaa. Mbele yao alisimama mzee kifua wazi, kikoi kimoja, na nyavu begani. Hakutoa salamu ndefu. Alisema tu, "Karibuni," kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Nikasema, sawa, ni mtu wa maneno machache.

Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Enyi watu wa Ng'amboni," nikaanza.

Palikuwa na mvumo. Kijana mmoja alisema, "Lakini, bwana," na yule mzee akainua mkono. Nilimsikia waziwazi akisema, "Mwacheni amalize. Mgeni hakatizwi." Adabu hiyo ndiyo adabu yetu sote wa visiwa hivi na pwani hii, mtu akizungumza mbele ya mkubwa wake humrekebishi, unamngoja ashuke; na mimi niliyelelewa katika adabu hiyo ndiyo iliyonichinja.

"Sisi tumetoka Mnarani asubuhi ya leo," nikaendelea, "na sitaki kusema neno juu ya Mnarani." (Mtu akisema hivyo, jueni yaja.) "Kahawa yao mtu aweza kunawia miguu. Ni watu wa kuketi barazani na kungoja ziwa liwaletee samaki mlangoni. Na mbuzi waliyotuchinjia, ndugu zangu, mbuzi yule alikuwa mtu mzima. Nadhani yeye na mzee wao walianza chuo siku moja, kwa mwalimu mmoja, na mbuzi ndiye aliyehitimu."

Mwanamke mmoja nyuma aliangua kicheko, akajaribu kukirudisha, kikatokea puani. Wengine walikuwa kimya, kimya kizito, nami nikakichukulia kuwa ni kimya cha kuvutiwa. Nikaongeza. Sitayaandika yote niliyoongeza. Nikamalizia kwa kusema kwamba Ng'amboni ndio mji wa ziwani, na kwamba kwa sababu hiyo serikali imewaletea picha ya Mfalme, ambayo Mnarani hawakustahili hata fremu yake.

Residenti, ambaye hakujua neno la Kiswahili ila "maji" na "kesho", akaona hotuba imekwisha, akaichukua picha mikononi mwa askari na kuelekea kwa mwendo wa heshima kwenye mlango wa nyumba ya mzee ili aitundike mwenyewe. Nikasikia viatu vyake vimesimama. Kisha akaniita kwa jina, taratibu.

"Athumani. Mfalme amekwisha fika hapa."

Nilidhani anasema neno la kiserikali, kwamba enzi ya Mfalme imefika hata ziwani, na nikaona ni neno zuri la kufungia mkutano, nikageuka nikawafasiria watu kwa sauti ya juu: "Bwana Residenti asema, Mfalme amekwisha fika hapa."

"Amefika," wakajibu wote. "Amefika tangu asubuhi."

Nikashuka kinuni. Nikaenda mpaka mlangoni, nikasogeza uso hadi pua ikagusa kioo, na pale, kwa umbali wa pua, nikamwona Mfalme na masharubu yake. Residenti alikuwa ameshika Mfalme wa pili. Walifanana kabisa.

Nilipogeuka, yule mzee wa kikoi alikuwa amesimama karibu nami, na sasa niliitambua sauti ya Mzee Famau, kwa kuwa aliongea kwa urefu ule ule wa asubuhi. "Karibu tena Mnarani, Bwana Karani. Kahawa tumeizidisha buni, usije ukaikosea ukanawa. Na mbuzi wa jioni ameshashikwa, ni mdogo sana, chuoni hajafika hata alifu. Keti."

Niliketi. Nilikusudia kusimama na kuomba radhi rasmi, nilikuwa nimeshaanza kuyapanga maneno, lakini Mzee Famau aliniwekea mkono begani na kusema, "La, bwana, ya maneno yametosha leo," na ule mkono ulikuwa mzito. Wakaleta mbuzi wa jioni. Sikuwa na njaa hata chembe, yule wa asubuhi alikuwa bado yu nami, lakini mtu aliyetukana sahani ya mwenyeji hana haki ya kuacha mfupa, nikala, na kila nilipopunguza mwendo, yule mwanamke aliyecheka kwa pua, Bibi Mwanakombo, alinisukumia kipande kingine. "Tafuna, mwanangu," alisema. "Usiogope meno. Huyu ana maziwa ya mama mdomoni bado." Watu walikuwa wamejaa ukumbini na madirishani wananitazama nikitafuna. Walicheka bila chuki, ndilo jambo lililonichoma zaidi.

Residenti akauliza wanachekea nini. Hapa naomba izingatiwe kwamba ningeweza kumdanganya. Mkalimani peke yake ndiye ajuaye kilichosemwa. Lakini kazi ya mkalimani ni kufasiri, na sikuwahi katika utumishi wangu wote kufasiri nusu, nikamfasiria yote, kahawa, samaki, chuo, mbuzi aliyehitimu, huku mwenyewe natafuna mwanambuzi. Hakucheka. Alifuta mikono, akasema Ng'amboni hatutakwenda tena, na ile picha ya pili akairudisha guniani kwa mkono wake. Nilipoona anafunga kamba ya gunia lile, anaikaza fundo juu ya fundo, nilijua kiti kimekwenda.

Na Lali wakati wote huo alikuwa wapi? Alikuwa amekaa kwenye msingi wa nyumba ya tatu, mguu juu ya mguu, anakula tende. Njiani kurudi Birikau (tukiongozwa na watu wa Mnarani, kwa njia fupi ajabu) nilimngoja mpaka Residenti atangulie, nikamwuliza.

"Ulijua?"

"Nilijua toka kile kipande cha sigara."

"Na hukusema."

"Waryaa, shemeji, nahodha hasemi amepotea mbele ya abiria. Akisema, wachu huanza dua, wengine wanalia, wengine washika tanga. Nilisema moyoni, tutaingia, tutasalimu, tutatoka, nitaliweka kusi shavu la kulia, hakuna atakayejua."

"Nilipoanza kuhutubia, Lali. Niliposema Ng'amboni. Kwa nini hata hukukohoa?"

Akafikiri. Nitasema kwa haki kwamba alifikiri kweli.

"Nilikuwa na tende mdomoni," akasema.

Yaliyofuata yanajulikana. Nilipelekwa Afmadow, na Mwanaesha, ambaye hatimaye alikuja, alikaa siku ya kwanza akitazama lile vumbi, kisha akasema, "Kakangu alipotea njia. Wewe ulipotea ulimi. Njia hurudiwa." Kila mwaka Lali alitupelekea papa mkavu kwa lori la serikali, pamoja na salamu, na katika salamu daima palikuwa na neno moja la kuuliza kama mbuzi wa huko wanatafunika. Nilirudi Kismayo nimezeeka, Mtaliani naye amekwisha enda zake, nikakuta jina limenitangulia kama Mfalme. Sikuwa tena Karani Athumani. Nilikuwa Mbuzi wa Jioni. Watoto walinisalimu kwa jina hilo kwa heshima zote, wakidhani ni la ukoo.

Nimejifunza, na nilikwisha weka nadhiri siku ile ile nikiwa na mfupa mkononi, nisiusifu mji kwa aibu ya mji mwingine maisha yangu yote, hata uwe mbali kiasi gani, hata uwe umezama. Na nadhiri hiyo nimeitimiza, ingawa imenifanya kuwa msemaji baridi sana katika harusi. Lakini nadhiri yangu haimwondolei Lali lake. Juzi nilipita nyuma ya jiko nikawasikia wanawake wakijaribu nyimbo za harusi ya mjukuu wangu, na wimbo mmoja una mbuzi wa asubuhi na mbuzi wa jioni, na sauti iliyouongoza ilikuwa ya Mwanaesha. Nilipomwuliza, alisema wimbo umetoka Mnarani, umeletwa na wakwe, hauwezi kurudishwa. Na Lali, ambaye sasa hana meno ila hajapungua maneno, ametuma habari kutoka Chovae kwamba atakuja harusini, na kwamba wakwe wakitaka kuongozwa kutoka Mnarani yeye yupo.

Kwa hiyo nadai rasmi, mbele ya koo zote mbili na mashahidi wao, kwamba Nahodha Lali, kabla ya ndoa kufungwa, asimame kwa miguu yake mwenyewe mbele ya watu wa Mnarani na aeleze mambo yafuatayo bila kuyapunguza: kwamba yeye ndiye aliyemwondoa msasi wa Kiboni kwa kumtaja dada yake, kwamba yeye ndiye aliyefuata upepo bondeni, kwamba miwani iliingia mfukoni kwa ushauri wake, kwamba aliujua mji kabla sijapanda kinuni, na kwamba, kwa kujua huko, alinyamaza. Akikataa, naomba wazee wa Mnarani, ambao ndio waliotukanwa na ndio wenye haki, wamwite na kumhoji, na mimi nitafasiri kama nilivyofasiri siku ile, yote, bila nusu. Na nitakaposimama kusema maneno ya kumkabidhi binti yetu, nadai Nahodha Lali aketishwe mstari wa mbele, ninapoweza kumwona kwa miwani yangu mipya, na kwamba mtu mwaminifu akague kwanza kinywa chake, asiwe na tende.